Tuziamshe Printa Zilizolala Kabatini

Sikuzungushi. Naomba Jumamosi yako moja. Uende nayo kwenye shule ya msingi iliyo jirani na kwako, au zahanati, au ofisi ya serikali ya mtaa, au madrasa, au parokia, uombe wakuoneshe kompyuta mpakato yao ya zamani na ile printa wanayosema haisomi. Halafu ukae nazo mpaka zisomane.

Si lazima uwe fundi. Kama nyumbani kwenu wewe ndiye unayeitwa king'amuzi kikipoteza chaneli, au shangazi akitaka picha zake zihame kutoka simu ya zamani kwenda mpya, ujuzi wa kuanzia unao. Kilichobaki ni subira na mambo machache ambayo nitayaeleza hapa hapa, kwa sababu printa nyingi tunazoziita mbovu hazina ubovu wowote.

Hali yenyewe unaifahamu. Kompyuta ililetwa na mfadhili, au ilinunuliwa ya mtumba Kariakoo baada ya wazazi kuchangishana. Printa ilikuja mwaka mwingine, kwa mlango mwingine; pengine mzazi mmoja ofisi yao ilihama, akaona isipotee. Ukiiwasha printa peke yake inaunguruma, taa ya kijani inatulia, inatoa ukurasa wa majaribio safi kabisa. Kompyuta nayo inawaka, inaandika, inafungua mafaili. Kila moja nzima. Ukizikutanisha kwa waya, kimya. Anajaribu wa kwanza, anajaribu wa pili, wa tatu anasema "hii imekufa", na kuanzia siku hiyo printa inafunikwa kitambaa.

Mwalimu afanyeje? Anaandika mtihani, anautia kwenye flashi, anakwenda steshenari. Gharama ya fedha inaonekana kwa macho: darasa la wanafunzi 90, mtihani wa kurasa nne, hizo ni kurasa 360, hata ukitozwa shilingi 100 tu kwa ukurasa, ni shilingi 36,000 kwa somo moja. Ile isiyoonekana ndiyo inayonikera zaidi. Mtihani uliofunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari ni rahisi sana kubaki pale. Sisemi dada wa steshenari ana nia mbaya. Ana watu mlangoni wanamsemesha wote kwa pamoja, ameunakili kwenye deskitopu ili aprinti haraka, amesahau kuufuta. Mteja anayefuata ni mtoto wa darasa la saba aliyetumwa kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, na macho anayo.

Tena si mitihani peke yake. Fikiria majibu ya hospitali, hati za viwanja, barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya familia kuhusu mirathi. Mambo yetu ya ndani kabisa yamelala kwenye deskitopu za watu tusiowajua, kwa sababu tu printa ya ofisini haisomi. Na flashi nayo hairudi peke yake. Inarudi na kirusi kile maarufu kinachogeuza folda zote kuwa shotikati, na kesho yake kompyuta ya shule imeambukizwa.

Nautoa wito huu sasa kwa sababu kompyuta za namna hii zinaongezeka mikononi mwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho muda wa kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 iliyoirithi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Mashine za kabla ya hapo, hata zikiwa hazina mkwaruzo, hazikidhi masharti. Maofisi ya Ulaya na Marekani hayasubiri, yanaziondoa. Na mpakato za ThinkPad, Latitude na EliteBook tunazouziwa za mtumba, nyingi ni za vizazi hivyo hivyo. Zitakuja tu. Ripoti ya mwaka 2024 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, ITU na UNITAR, ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Kompyuta inayotupwa Tanga au Mwanza kwa sababu haisomi printa inaongeza uzito kwenye hesabu hiyo bila sababu ya maana.

Sasa tuingie jikoni. Kinachozikosanisha kompyuta na printa mara nyingi ni draiva, ile programu ndogo inayokaa kati yao kama mkalimani: kompyuta inasema lake, draiva inaligeuza kuwa lugha ya printa ile. Draiva hutengenezwa na kampuni ya printa, tena kwa ajili ya toleo fulani la Windows. Printa iliyotoka mwaka 2005 na CD ya Windows XP ya biti 32, ukiileta kwenye Windows ya biti 64, CD ile haikusaidii hata kama inang'aa. (Na mara nyingi kompyuta yenyewe haina pa kuitia CD.) Kampuni ikiamua kwamba modeli hiyo haiiletei tena faida, haitoi draiva mpya. Printa inabaki na afya yake, mkalimani hayupo.

Ugomvi huu ni wa zamani. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT kule Marekani ilipewa printa mpya ya Xerox. Karatasi zilikuwa zinakwama mara kwa mara. Kwenye printa ya awali, kijana mmoja wa maabara, Richard Stallman, alikuwa ameirekebisha programu ili iwaarifu watu wakiwa mezani kwao kwamba karatasi imekwama, waende kuikwamua. Kwa printa mpya akaomba maandishi ya programu afanye vilevile, akanyimwa, kwa kuwa aliyekuwa nayo alishaahidi kuyafanya siri. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo maandishi yake yako wazi kwa wote, ambao baadaye uliungana na kazi ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio mbadala wa Windows. Kwa hiyo nikikwambia hapo mbele kwamba Linux huweza kuisoma printa ambayo Windows imeikataa, usione ajabu. Karatasi zilizokwama zina mchango wake katika historia hiyo.

Turudi Jumamosi yetu. Kazi yako inaanza kabla hujafika. Mpigie mwalimu, mwombe apige picha mbili kwa simu: lebo ya nyuma au ya chini ya printa, na ukurasa wa kompyuta unaoonesha aina ya Windows na kama ni ya biti 32 au 64. Jina la printa lisomwe lote hadi tarakimu ya mwisho. Epson L3110 haina Wi-Fi, L3150 inayo, na anayekuambia "ni Epson ile ya matangi" hajakuambia kitu. Ukishapata majina, pakua draiva nyumbani kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, uitie kwenye flashi safi. Usitegemee bando ukiwa shuleni. Na ukiona tovuti inayokuomba upakue kwanza "kirekebishaji cha draiva", toka humo mbio. Huko ndiko virusi vinakouzwa.

Ukifika, anza na waya. Printa nyingi hutumia ule waya wa USB wenye ncha ya mraba upande mmoja, na nyaya hizi hufa kimyakimya. Nenda na mmoja unaouamini. Kiwango cha USB 2.0 kinaruhusu waya wa mita tano. Uliorefushwa kwa viungio mpaka chumba cha pili unaweza kukupotezea siku nzima. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio kinachohudumia pia maus, kibodi na feni ndogo ya mwalimu mkuu. Na tazama rangi ndani ya tundu: la bluu kwa kawaida ni USB 3.0, na Windows 7 haikuzaliwa na draiva za USB 3.0. Kompyuta ambayo fundi ameipiga Windows 7 upya bila kumalizia draiva inaweza kuwa na tundu la bluu lililokufa na tundu jeusi lililo hai, sentimita mbili tu kati yake. Nyingi za "haisomi" zinaishia hapo.

Kwa printa za zamani, draiva hutangulia na waya hufuata. Baadhi ya kampuni zilikuwa zinabandika karatasi ya rangi juu ya tundu la USB la printa mpya kumwonya mnunuzi asichomeke kabla ya kuambiwa. Karatasi hiyo tuliibandua na kuitupa pamoja na maboksi. Anayechomeka kwanza, Windows humwandikia kifaa kisichojulikana, na kila akijaribu tena anarudishiwa kosa lile lile. Dawa yake ni kuingia kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, kutafuta chenye alama ya mshangao ya njano, kukifuta, kuchomoa waya, kuingiza draiva, na kuchomeka pale tu inapokuomba.

Halafu fungua orodha ya printa. Hapa nakuomba utulie, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Mara nyingi utaikuta printa ile ile imeandikwa mara mbili au tatu, mojawapo ikiwa imefifia na nyingine ina neno la nakala na namba mwishoni mwa jina. Sababu yake ni kwamba kila waya ulipohamishiwa tundu jingine, Windows ilidhani imeletewa printa mpya, ikaiandikisha. Zile za zamani zikabaki kwenye orodha kama majina ya marehemu kwenye daftari la wapiga kura, na mara nyingi mojawapo ndiyo iliyoteuliwa kuwa printa ya kawaida. Mwalimu anabonyeza kuprinti, kazi inakwenda kwa marehemu. Futa zote isipokuwa iliyo hai, iteue iwe ya kawaida, kisha bandika kipande cha plasta ya rangi kando ya tundu unalotumia ili waya usihamishwe tena.

Kama bado kimya, tazama sifa za printa hiyo, pale panapoonesha mlango inaopitia. Printa ya USB huandikwa USB001 au namba inayofuatia. Ukikuta LPT1, draiva iliingizwa kwa mkono, na kompyuta inatuma kurasa kwenye tundu la pini 25 ambalo kwenye mpakato huu pengine halipo kabisa. Badilisha mlango tu. Na kama kuna hati imekwama kwenye foleni tangu muhula uliopita, haifutiki wala haitoki, simamisha huduma ya kuprinti ya Windows, ingia folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo, washa huduma tena. Nimewahi kuona watu wanapiga Windows upya kwa ajili ya hati moja ya namna hiyo.

Zipo printa zenye tabia zake. HP LaserJet 1020, ambayo bado imejaa katika maofisi yetu, haihifadhi ndani yake programu ya kuiendesha. Kompyuta ndiyo huipelekea upya baada ya kuwashwa. Bila draiva yake sahihi haitoi hata nukta. Za matriki, zile za Epson LX zinazopiga kelele na kutoa ankara kwa karatasi zenye kaboni, nyingi zina tundu pana la pini 36. Kuna waya wa kugeuza tundu hilo kuwa USB, na unafanya kazi vizuri kwa printa, ila usimruhusu muuzaji akuambie utafaa na kwa mashine nyingine.

Ikiwa draiva ya Windows imekosekana kabisa, au kompyuta imechoka kiasi kwamba Windows inaihangaisha, jaribu Linux. Mimi huanza na Linux Mint ya Xfce, ambayo si nzito; ina nafuu hata kwa mashine yenye RAM ya GB 4, na kwa GB 2 inajikongoja. Uzuri wake ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kwenye diski ya shule. Chomeka printa, subiri kidogo, tazama kama imejitokeza. Isipojitokeza, zima, chomoa flashi, na kompyuta iko kama ulivyoikuta. Kwa mashine za biti 32, Debian 12 bado inazikubali. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake cha biti 32.

Kuprinti kwenye Linux kunasimamiwa na CUPS, mfumo ulioandikwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999, ambao Apple nao waliuchukua kwa kompyuta zao. Printa za HP husomwa vizuri kwa programu ya HPLIP, ingawa baadhi, ikiwemo ile 1020, hudai kipande cha ziada cha kupakua, kwa hiyo siku hiyo bando lako litahitajika. Epson za matangi hazina shida. Canon LBP zinazotumia lugha ya CAPT, kama 2900, ni wakaidi; ukikutana nayo na hujawahi, iache kwenye Windows na usipoteze mchana wako.

Kuna jambo moja ambalo peke yake linatosha kukutoa nyumbani Jumamosi. Kompyuta ya zamani iliyounganishwa na printa ya zamani inaweza kuigawa printa hiyo kwa jengo zima. Kwenye CUPS unaweka tiki kwenye kisanduku cha kushirikisha printa, basi. Ruta ndogo ya Wi-Fi ikiwepo, hata isiyo na intaneti, printa ya USB isiyojua Wi-Fi ni nini inaanza kuonekana kwenye simu za walimu. Android tangu toleo la 8 la mwaka 2017 ina huduma ya kuprinti ndani yake. Mwalimu wa hesabu ameketi chini ya mwembe, ameandika zoezi kwenye simu, anabonyeza, linatoka ofisini. Mtihani haujapita kwenye flashi wala haujatoka nje ya geti. Kompyuta ambayo skrini yake imepasuka na kibodi imekosa herufi tatu inaifanya kazi hiyo bila shida, kwa kuwa hakuna anayehitaji kuitazama.

Vifaa vingine nitavipitia kwa haraka. Skana iliyo juu ya printa ni kifaa cha pili chenye draiva yake, usishangae kuprinti kukikubali na kuskani kukigoma. Projekta za zamani na mpakato za zamani zina tundu la VGA la pini 15 kwa hiyo zinaelewana bila maneno. Shida huanza pale kompyuta ina VGA na televisheni mpya ina HDMI tu. Kigeuzi kipo, lakini kina mwelekeo. Cha kutoka VGA kwenda HDMI hakifanyi kazi kinyumenyume, na madukani vinafanana, kwa hiyo sema wazi chombo kipi kinatoa picha na kipi kinapokea. Kumbuka pia VGA haibebi sauti. Tafuta kigeuzi chenye kiwaya cha sauti pembeni. Maabara za zahanati na mizani za vyama vya ushirika zina mashine zinazotumia tundu la pini tisa, na pengine kompyuta kongwe inatunzwa kwa ajili ya tundu hilo tu. Msiitupe kabla ya kuuliza.

Umeme nao una neno lake. Printa ya leza inapochemsha tona huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, na inverta ndogo ya sola au UPS ya kawaida inaweza kuzima au hata kuungua. Ya wino wa matangi huvuta wati chache, chini ya 20. Kwa shule ya umeme wa jua ningesema wino bila kusita, kama si likizo: wino ukikaa wiki nyingi bila kutumika hukauka kwenye vitundu, na Januari mnaanza na mistari myeupe. Basi achiwe mlinzi au mwalimu wa zamu kazi ya kutoa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Shule yenye umeme wa TANESCO unaotulia ichukue leza, tona haikauki.

Na nyinyi mnaotoa misaada, pokeeni shukrani zetu, kisha mnisikilize. Printa isiyo na waya wake na jina kamili la modeli ni mzigo mnaomtua mwenzenu. Kabla ya kuitoa, iunganisheni wenyewe na kompyuta mnayoitoa nayo, itoe ukurasa mmoja mbele ya macho yenu, draiva yake muiweke kwenye flashi na kuifunga pamoja na waya kwa mpira. Futeni mambo yenu kwenye diski pia. Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Luthuli kule Nairobi, mnajua mteja anayeuliza "hii itasoma kwenye Windows 7?" Mwacheni aijaribu dukani kwa kompyuta yake. Mnaowahi kumjaribishia ndio anaowarudia.

Walimu wakuu, shikamooni. Najua kwa nini printa inafungiwa: tona ni ghali na kila mtu ana kadi ya harusi ya kuprinti. Daftari la kuandikisha kurasa linatosha. Printa iliyofungiwa hukaa mpaka raba zake za kuvutia karatasi zinakuwa ngumu na kuteleza, halafu tunasema imezeeka.

Na vijana wa VETA na wa vyuo mlioko likizo, nyinyi ndio ninaowategemea hasa. Msiende mmoja mmoja. Nendeni wawili, mmoja ashike kompyuta na mwingine akae na mwalimu. Maana kazi haijaisha kurasa zikitoka. Mwalimu afanye mwenyewe mbele yenu: achomoe waya, achomeke, aondoe karatasi iliyokwama kwa kuivuta upande inakoelekea, afute hati kwenye foleni, abadilishe tona. Mara ya kwanza mikono itasita. Mwacheni asite, msimnyang'anye maus. Kisha andikeni kwenye karatasi moja, kwa kalamu, mubandike ubavuni mwa printa: jina la modeli, draiva ilipo, tundu la kutumia, jina la tona, na mwezi mliofanya kazi hiyo.

Wa kumwona kwanza ni mwalimu wa taaluma. Mitihani iko mikononi mwake na ndiye anayepanga foleni steshenari. Usiende wiki ya mitihani yenyewe, nenda wiki mbili au tatu kabla, Mei au mwanzoni mwa Novemba. Mpigie Alhamisi, umwombe aandae karatasi angalau nusu rimu, na umuulize kama LUKU ya shule ina uniti.